Na mwenye nyumba naye ni nani?

Wageni wanaotaka kulala kwangu Magamba huanza na bei, kisha huuliza kama kuna maji ya moto, maana habari za baridi ya Lushoto wameshazisikia. Wenye gari ndogo huuliza barabara ikoje. Wenye watoto huuliza kama uwanja una uzio. Anayeuliza mimi ni nani, na atajuaje kwamba nyumba ile ni yangu kweli, ni nadra sana. Nikimpata mtu wa namna hiyo hufurahi, kwa sababu najua huyo hatalizwa kirahisi.

Nyumba yenyewe ni ya vyumba vitatu. Aliijenga marehemu baba kwa matofali ya kuchoma, upande wa juu wa barabara inayotoka Lushoto mjini kwenda Malindi na Mlalo. Naipangisha kwa siku mbili, tatu, hata wiki: watu wa Dar es Salaam na Tanga wanaokimbia joto, wazungu wanaokuja kutembea milimani, wakati mwingine wazazi waliokuja kumtazama mtoto wao pale Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Kabla ya hapo nilikaa mapokezi kwenye gesti moja ya Mombo, pale barabara kuu inapoachana na njia ya kupanda huku, ambapo mabasi hushusha watu giza limeshaingia na gari za mlimani zimekwisha. Kwa hiyo kumuuliza mtu jina, na kulitilia shaka, ni kazi niliyoifanya miaka mingi.

Aliyewahi kulala gesti anakijua kile kitabu. Daftari kubwa lenye jalada gumu, kalamu imefungwa uzi, safu zimechorwa kwa rula: tarehe, jina kamili, kabila, kazi, atokako, aendako, namba ya kitambulisho, chumba, saini. Mtu anakijaza amesimama, begi begani, usingizi machoni. Polisi wa doria huja usiku, hukifunua, huuliza kuhusu chumba kimoja au viwili, huondoka. Mimi nilikisoma kwa utulivu zaidi kuliko wao, kwa sababu nilikuwa nacho usiku kucha. Wanaume karibu wote walikuwa "mfanyabiashara". Wawili waliojiandika mume na mke walitofautiana mahali walikotoka. Safu ya kitambulisho ilikuwa na vistari virefu, na tajiri alishatuambia mteja asisumbuliwe. Kitabu kilijaa majina, lakini kama asubuhi shuka zimekosekana au mtu amekutwa amezimia, hakukuwa na jina hata moja la kushika.

Safu ya kabila niseme wazi: iondolewe. Haimsaidii polisi kumpata mwizi, na inampa mwenye nyumba sababu ya kumwangalia mtu vibaya kabla hajafungua begi. Katika daftari langu haimo.

Pamoja na udhaifu wake wote, kitabu kile kilikuwa kinauliza upande mmoja tu, na wakati ule ilitosha. Gesti haikuhitaji kujitambulisha. Ilikuwa na bango, leseni ukutani, na mwenyewe alijulikana Mombo nzima. Mgeni alisimama mbele ya jengo, akaona chumba, akabonyeza godoro, ndipo akatoa pesa. Sasa mpangilio umegeuka. Mtu yuko Kariakoo, anatazama picha kwenye simu, anatuma kianzio kwa mtu asiyemjua kwa ajili ya nyumba iliyo mlimani, zaidi ya kilomita 30 juu ya Mombo. Bango limekuwa picha, na picha huibwa kwa sekunde moja.

Ya kwangu iliibwa. Desemba moja, jioni ya kuelekea Krismasi, gari lilisimama getini likiwa na baba, mama, bibi mmoja na watoto watatu, mdogo amelala begani. Walitoka Tanga. Baba akanisalimu vizuri, shikamoo mama, akasema wamefika na wanaomba ufunguo. Ndani kwangu nilikuwa na wageni wengine, tangu juzi yake. Akanionyesha simu: baraza yangu, viti vyangu viwili vya mwanzi, na lile jiwe la kusagia la marehemu mama lililo pembeni ya mlango. Picha zote nilizipiga mimi na kuziweka hadharani. Namba ya simu iliyokuwa chini yake haikuwa yangu. Walikuwa wametuma laki moja na nusu. Aliyezungumza nao alikuwa mwanaume aliyejiita mwenye nyumba. Ujumbe wa muamala ulikuwa na jina la mwanamke, naye aliwaeleza kwamba ni laini ya mkewe. Tulimpigia tukiwa tumesimama pale pale getini. Akapokea, akasikia sauti yangu, akakata, na hakupokea tena.

Familia ile ilikuwa makini kwa kila kitu kingine. Walibeba blanketi, dawa za bibi, tairi la akiba lenye upepo. Nikawatafutia nafasi kwa jirani na tukawapikia chai ya tangawizi. Lakini laki moja na nusu ilikuwa imekwenda, na yule bibi alinitazama usiku ule kama mtu anayejiuliza ikiwa na mimi nimo kwenye mchezo huo. Hakuwa na njia ya kujua kwamba simo. Hilo ndilo lililonifanya nilichukulie jambo hili kwa uzito.

Walikuwa na nafasi ya kumgundua tapeli mahali pawili. Ya kwanza ni lile jina. Tangu mwaka 2019 laini za simu Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Na unapotuma pesa kwa simu, kabla ya kuweka namba ya siri, unaletewa jina la mwenye laini. Wengi hulipita haraka. Lisome. Kama aliyejiita mwenye nyumba si huyo, simama hapo na uulize, na usikubali habari za mke, shemeji au mhasibu. Tapeli wa nyumba na yule wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" ni ndugu wa damu. Wote wanategemea usisome jina.

Hata hivyo jina hilo ni shahidi mmoja tu. Zipo laini zilizosajiliwa kwa vidole vya watu wasiojua kinachoendelea: mtu alikwenda kununua laini kwa muuzaji wa barabarani, akaambiwa aweke kidole mara ya pili kwa kuwa mtandao umegoma, kumbe inasajiliwa laini nyingine. Piga *106# uangalie ni namba ngapi ziko kwenye jina lako. Nimewafanyia hivyo wazee wa kanisani kwetu na wengine walishtuka. Namba ya tapeli nayo usiifute kwa hasira. Ipeleke kwa ujumbe kwenda 15040, ambako mamlaka hupokea taarifa za utapeli wa simu.

Ya pili ni rahisi zaidi na haina gharama kubwa: mwambie mwenye nyumba akupigie kwa video sasa hivi, aanzie barabarani, aingie getini, afungue mlango, aende mpaka bafuni afungulie bomba. Aliyeiba picha ana picha tu. Hawezi kugeuza kamera ukimwambia akuonyeshe mlima ulio nyuma ya nyumba, wala hawezi kumwita jirani aseme habari za mchana. Mimi siku hizi siwasubiri wageni waombe. Nawapigia mwenyewe, wanaiona ile njia yenye matope, wanaona hata mbuzi wa jirani, na wanaona uso wangu. Mtandao ukisumbua tunarudia jioni.

Kisha nawapa namba ya mwenyekiti wa kitongoji, kwa ruhusa yake, wamuulize kama ananijua. Wageni wa Dar hulishangaa hili, lakini ni jambo la zamani kuliko simu. Katikati ya karne ya kumi na tisa, mmisionari Krapf alipopanda huku mwaka 1848, na Burton na Speke mwaka 1857, safari zao ziliishia Vuga kwa mtawala Kimweri ye Nyumbai, maana mgeni wa kutoka mbali hakutembea Usambara bila yeye kujua amekuja kufanya nini. Miaka ya sitini TANU ilipoweka mabalozi wa nyumba kumi, wazazi wetu walizoea kwamba mgeni akilala, asubuhi balozi anaambiwa. Wengine waliuona ule ni upelelezi, na zipo sehemu ulitumika hivyo. Kwa mtoto wa Magamba kama mimi ulikuwa na maana nyingine: mgeni akiugua usiku, kuna mtu wa pili anayejua yuko nyumba gani.

Ule mnyororo bado upo kwa watembeaji wa milimani. Mgeni anayetoka Lushoto kwa miguu akalala Rangwi kwa masista, kesho Mambo au Mtae, amekabidhiwa na mwongoza wageni anayejulikana mjini, naye anaijua familia anayompeleka. Kila upande una mtu wa kumuuliza. Nyumba ya kwenye simu inaukata mnyororo huo na kuweka mashine mahali pake, kwa hiyo inafaa tujue mashine hiyo inaweza nini na haiwezi nini.

Airbnb ilianzishwa San Francisco mwaka 2008, na kwa miaka mingi iliwaacha watu waaminiane kwa picha na maoni ya waliotangulia. Leo inamtaka anayeweka nafasi athibitishwe: anaweza kutakiwa apige picha kitambulisho chake na uso wake, kompyuta inalinganisha nyuso na kukagua kama hati ina alama zinazotakiwa. Sehemu ya ukaguzi huo unaweza kuifanya mwenyewe mezani. Chukua pasipoti, tazama mistari miwili iliyo chini ya ukurasa wa picha, ile yenye alama nyingi za <. Katika mstari wa pili kuna tarehe ya kuzaliwa, mwaka kwanza, ikifuatwa na tarakimu moja ya ziada. Aliyezaliwa 12 Aprili 1985 ataandikwa 850412. Zidisha tarakimu hizo moja moja kwa 7, 3, 1, kisha tena 7, 3, 1. Utapata 56, 15, 0, 28, 3 na 2, jumla 104. Gawanya kwa 10, kinachobaki ni 4, na tarakimu ya ziada lazima iwe 4. Aliyebadilisha mwaka wa kuzaliwa kwa kompyuta ya mtaani anaweza kusahau kubadilisha tarakimu hiyo.

Kwa Mtanzania ni rahisi zaidi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Namba inayoanza na 1961 haiwezi kuwa ya kijana aliyesimama mbele yangu na ndevu zake za kwanza. Wasio na kadi lakini wana namba nawapokea, na kitambulisho cha mpiga kura au leseni ya udereva vinanitosha. Sitaki ukaguzi uwe ukuta wa kumzuia mama aliyetoka kijijini.

Lakini hesabu zote hizo zinaithibitisha hati. Haziniambii ni nani atakayelala. Usiku wa tarehe 31 Oktoba 2019, katika mji wa Orinda, California, nyumba iliyopangishwa kupitia Airbnb iligeuka kuwa ukumbi wa sherehe ya watu zaidi ya mia. Risasi zilipigwa na watu watano wakafa. Aliyeweka nafasi alimwambia mwenye nyumba kwamba ni familia yenye wagonjwa wa pumu inayokimbia moshi wa moto wa misitu. Siku chache baadaye kampuni ikaahidi kuhakiki nyumba zote zilizotangazwa kwake, na Septemba 2023 mkuu wake, Brian Chesky, alisema mwaka huo wameondoa matangazo bandia 59,000 na kuzuia mengine 157,000. Tapeli aliyeiba baraza yangu ana wenzake wengi duniani.

Karibu na sisi, Januari 2024 mjini Nairobi, wanawake wawili vijana waliuawa, siku chache zikipita kati ya kifo kimoja na kingine, katika nyumba za kupangisha kwa siku, mmoja South B na mwingine Roysambu. Tarehe 27 mwezi huo maelfu waliandamana Kenya kupinga mauaji ya wanawake, na serikali ikawataka wenye nyumba za aina hiyo wajisajili kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Niliposoma habari zile nilifikiria nyumba ambazo ufunguo unaachwa kwenye kisanduku chenye namba, na mwenye nyumba hamuoni anayeingia wala anayetoka. Italia nayo Novemba 2024 iliagiza mgeni atambuliwe uso kwa uso. Wenye nyumba wakaipeleka amri hiyo mahakamani. Mimi niko upande wa uso kwa uso. Kwangu hakuna kisanduku. Nawapokea wageni barazani, watu wazima wote wanaonyesha vitambulisho, hata yule aliyekuja tu kusindikiza na amesikia baridi akaamua kulala.

Kuna jambo moja ambalo silegezi. Mtu mzima akija na mtoto wa kike au wa kiume asiye wake, nitauliza, nitaomba namba ya mzazi, na nitampigia nikiwa mbele yake. Wapo waliokasirika wakageuza gari. Pale Mombo niliona mengi ambayo kitabu hakikuyauliza, na sitaki yafanyike chini ya paa la baba.

Upande wa mgeni nao una haki ambayo wenye nyumba wengi hawaijali. Ukiniletea picha ya kitambulisho chako kwa WhatsApp, umeniachia jina, tarehe ya kuzaliwa, namba na sura yako, na simu yangu ikiibwa stendi ya Mombo vyote vinakwenda na mwizi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu achukue zinazohitajika tu, azitumie kwa kazi aliyoisema na asizihifadhi kupita haja. Ipo na Tume yake ya kupokea malalamiko. Kwa hiyo mimi sipokei picha. Nakiona kitambulisho mlangoni, naandika jina na namba, namrudishia mkononi, na daftari linafungiwa kabatini. Ukilazimika kutuma nakala kwa mwenye nyumba mwingine, andika juu yake kwa kalamu, katikati ya picha, nyumba unayokwenda na tarehe, ili nakala hiyo isimfae mtu kwa kitu kingine. Na mwenye nyumba anayetaka kubaki na kitambulisho chako halisi mpaka uondoke, mkatalie.

Kinachokosekana kwetu ni mahali pa kumtafuta mwenye nyumba kabla ya kumlipa. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka huduma za malazi zisajiliwe na ziwe na leseni, lakini leseni iliyo ukutani Magamba haisomeki Kariakoo. New York tangu Septemba 2023 hairuhusu nyumba kupangishwa kwa siku chache bila usajili wa jiji, na Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni iliyopangiwa kuanza kutumika tarehe 20 Mei 2026, ambapo penye usajili wa nyumba hizo namba yake lazima ionekane kwenye tangazo. Kwetu ingetosha orodha moja tu ya halmashauri, yenye jina la mwenye nyumba, kitongoji na namba ya leseni, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma kwenye simu.

Nimelisema hili kwenye vikao vya wenye nyumba, na najua kwa nini wenzangu wananyamaza: wanaogopa ushuru. Hofu hiyo naielewa. Vyumba vitatu vinavyojaa Krismasi na Pasaka tu havimtajirishi mtu, na miezi ya mvua barabara ikiporomoka Soni hakuna anayekuja. Lakini nalipa, na risiti za halmashauri nimeziweka pamoja na daftari la wageni. Yule bibi wa Tanga angenitazama kwa macho mengine kama wakati ule ningekuwa na karatasi ya kumwonyesha. Halmashauri ikianzisha orodha hiyo wiki ijayo, waandike jina langu kwanza.